Mti Una Wenyewe: Miti Mikongwe ya Unguja Tangu Tufani ya 1872

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja. Kisiwa hiki kipo karibu na nyuzi sita kusini mwa ikweta, na tufani za Bahari ya Hindi kwa kawaida hazifiki huko. Hupita mbali, kuelekea Madagaska na Msumbiji. Ndiyo maana watu hawakuwa wamejiandaa. Nyumba nyingi ziliezuliwa, majahazi yalivunjika bandarini, na meli za Seyyid Barghash, aliyekuwa hajatimiza hata miaka miwili tangu ashike utawala, zilizama. Lakini hasara iliyokumbukwa zaidi ilikuwa ya miti. Taarifa nyingi za wakati ule zinasema kwamba kiasi cha theluthi mbili au zaidi ya minazi na mikarafuu ya Unguja iling'olewa au kuvunjwa. Pemba, iliyo kaskazini kidogo tu, ilisalimika kwa sehemu kubwa.

Katika masomo yetu ya historia ya Afrika Mashariki tufani hii hutajwa kwa sentensi moja, kisha tunaendelea na mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa. Mimi naomba wanachama wenzangu na walimu wetu tusimame hapo kidogo. Wengi wetu tuna jamaa wenye nyumba pwani, na kwenye nyumba hizo kuna miti mizee. Swali la mti upi ukatwe na upi uachwe linaulizwa katika familia zetu kila masika. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba, katika historia ya Unguja, swali hilo limehusu zaidi mwenye mti kuliko mti wenyewe.

Mali iliyohesabiwa kwa miti

Mikarafuu ililetwa Unguja kutoka Maskareni mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1818, na anayetajwa kuileta ni Saleh bin Haramil al-Abry. Seyyid Said bin Sultan aliona faida yake, akawahimiza wenye mashamba waipande. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja alionao, na asiyetii anyang'anywe shamba. Mkarafuu huanza kuchanua baada ya miaka sita hadi minane hivi, na ukitunzwa unaweza kupita miaka mia. Kazi ya kupanda, kupalilia na kuchuma ilifanywa na watumwa. Hilo lazima lisemwe wazi, kwa sababu kila tunaposema "mti wa Seyyid fulani" au "mti wa Bibi fulani" tunamtaja mwenye mali, na aliyechimba shimo hatumtaji.

Jambo moja ambalo mgeni huenda asilione ni namna utajiri ulivyopimwa. Shamba halikuhesabiwa kwa eka. Lilihesabiwa kwa miti: fulani ana mikarafuu elfu tatu, fulani ana minazi mia mbili. Deni liliwekewa rehani ya miti. Kwa hiyo mti uliozaa vibaya bado ulikuwa namba katika hesabu, na mwenye deni hakuwa na sababu ya kuukata. Nadhani hapa ndipo ilipoanza tabia ya kuacha mti usimame mpaka uanguke wenyewe.

Tufani ilivunja hesabu hiyo kwa siku moja. Bei ya karafuu ilipanda kwa kuwa mzigo ulipungua, na wenye mashamba wa Pemba, ambao miti yao ilibaki, wakapata nafasi. Tangu hapo Pemba imeipita Unguja kwa mbali katika karafuu, mpaka leo. Unguja ilibidi kupanda upya, na wengi wakachagua mnazi, ambao hauhitaji wachumaji wengi kwa wakati mmoja kama mkarafuu. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897, na baada ya hapo kupata wachumaji wa karafuu kukawa kugumu zaidi.

Sasa tuangalie matokeo yake kwa miti. Miti inayopandwa kwa pamoja huzeeka kwa pamoja. Mnazi mrefu wa kienyeji huanza kuzaa ukiwa na miaka sita hadi minane, huzaa vizuri kwa miongo kadhaa, kisha kuanzia miaka hamsini au sitini nazi hupungua huku shina likiendelea kurefuka. Mnazi uliopandwa mwaka 1875 ulikuwa na miaka sitini mwaka 1935. Hii ina maana kwamba kizazi kizima cha miti iliyopandwa baada ya tufani kilifika uzeeni wakati mmoja, miaka ile ile ambayo bei za mazao zilianguka duniani na wenye mashamba walikuwa wamezama katika madeni. Mwenye deni hana fedha ya kupanda miche ya kusubiri miaka saba.

Shina langu, ardhi yako

Katika vijiji vya Unguja, hasa mashariki na kusini, ardhi na mti si kitu kimoja. Ardhi ya kijiji iliweza kuwa ya watu wote wa kijiji au ya ukoo, lakini aliyepanda mnazi alikuwa mwenye mnazi. Aliweza kuuuza, kuurithisha, kuuweka rehani au kuuwekea wakfu msikiti, ili nazi zake zinunue mafuta ya taa na mikeka. Wapo watu waliomiliki minazi mitano katika viwanja vya majirani watano.

Utaratibu kama huo ulikuwepo pia upande wa Kenya. David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wa Kaloleni, alionyesha jinsi wakulima wenye fedha walivyonunua minazi ya wenzao, na jinsi wazee walivyohitajika kuwa mashahidi wa nani alimuuzia nani. Mti hauna hati. Ushahidi wake ni kumbukumbu za wazee, na mzee akifa ushahidi unazikwa naye. Zaidi ya miaka mia moja kabla ya Parkin, mmisionari Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika kwamba kwa Wamijikenda kuharibu mnazi ni sawa na kumuua mama, kwa kuwa mnazi hulisha kama mama anavyomlisha mtoto.

Ukiweka mambo haya pamoja utaona ugumu wa kukata mti mzee karibu na nyumba. Mwenye nyumba anaogopa usimwangukie. Mwenye mti yuko kijiji kingine. Na mwenye mti akifa, mti mmoja unaingia katika mirathi kama mali nyingine yoyote, kila mrithi na fungu lake. Baada ya vizazi vitatu mnazi mmoja unaweza kuwa na wenyewe ishirini. Wote wana haki ya kuzuia usikatwe, na hakuna hata mmoja ambaye fungu lake linatosha kumlipa mkwezi wa kuusafisha.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadilisha umiliki wa mashamba makubwa. Ardhi ilitaifishwa, na wananchi wakagawiwa eka tatu tatu pamoja na miti iliyokuwamo. Wengi walipokea mikarafuu na minazi iliyokwisha kuzeeka, wakategemewa waizalishe. Mfumo wa mashamba ulikwisha, lakini umri wa miti haukubadilika kwa amri. Na katika viwanja vya nyumba za kawaida, mazoea ya zamani ya "mti wa fulani" yaliendelea.

Chonga na mnazi uliokufa

Kuna sababu moja ambayo iliwalazimisha watu kukata, wapende wasipende, nayo ni mdudu anayeitwa chonga. Ni mbawakawa mkubwa mweusi mwenye pembe kama ya kifaru. Mkubwa wake hutoboa kilele cha mnazi na kula majani machanga kabla hayajafunguka. Makuti yakitoka huonekana yamekatwa kama kwa mkasi. Mnazi una kilele kimoja tu. Mwembe ukikatwa tawi hutoa jingine, lakini mnazi ukiharibika kilele umekufa.

Chonga hatagi mayai katika mnazi mzima. Hutaga katika shina lililooza, katika kisiki, katika rundo la samadi au takataka. Kwa maneno mengine, mnazi uliokufa na kuachwa umesimama uani ni nyumba ya kizazi kijacho cha chonga, na watakaoumia ni minazi ya majirani. Ushauri wa wataalamu wa kilimo tangu enzi ya ukoloni umekuwa ule ule: mnazi uliokufa ukatwe, upasuliwe, uchomwe au uzikwe. Na malalamiko ya wenye minazi yamekuwa yale yale pia: nani atalipa, na nani amekupa ruhusa ya kugusa mti wangu?

Pwani ya Bara ya Tanzania ilikuwa na balaa jingine, ugonjwa unaoua minazi ambao dalili zake za kwanza ni kupukutika kwa nazi changa, kisha makuti kugeuka manjano na kuanguka, mpaka linabaki gogo tupu kama nguzo ya simu. Mradi wa taifa wa kuendeleza minazi ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1970 ulitafuta aina za minazi zinazostahimili. Mikarafuu nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Unguja ilipoteza mikarafuu mingi mikubwa kwa ugonjwa uliokausha mti ghafla, na utafiti wa miaka ya 1950 ukaonyesha kwamba chanzo chake ni kuvu. Ulishambulia hasa miti iliyokwisha komaa. Hapa tena tunaona hasara ya kuwa na miti ya rika moja.

Miembe ya Bi Khole

Si kila mti mzee ni wa mauzo. Barabara ya kusini, kuelekea Bungi, ina safu mbili za miembe mikubwa inayokutana juu kama paa. Inahusishwa na Bi Khole, binti wa Seyyid Said, ambaye magofu ya nyumba yake yapo karibu na pwani hapo. Ndugu yake Salme, aliyekwenda Ujerumani na kujulikana kama Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886, na miti imo ndani yake tangu mwanzo: anaeleza michungwa mirefu ya kasri ya Mtoni, ambayo watoto waliikwea kumkimbia mwalimu wao mkali. Alikuwa ameishi Ulaya karibu miaka ishirini alipoandika, na bado aliikumbuka miti kwa urefu wake.

Kuhusu miembe ya Bungi zipo hadithi nyingi, nyingine za kutisha, ambazo waongoza watalii huzipenda. Sizirudii hapa kwa sababu hazina ushahidi. Tunachoweza kusema kwa hakika ni kwamba binti wa Sultani hakupanda safu hizo kwa mikono yake.

Miembe hiyo inatufundisha jambo la utunzaji. Mwembe unaweza kupita miaka mia, lakini shina lake huoza kutoka ndani. Unaweza kuwa na majani mabichi na maembe tele huku katikati ni tupu. Anayeutazama kwa mbali ataapa ni mzima. Dalili ziko mahali pengine: uyoga unaoota shinani, mchwa, ufa panapoungana matawi mawili makubwa, udongo ulioinuka upande mmoja wa mizizi, tawi lisilochipua baada ya mvua. Mti wa njiani hutazamwa na serikali, mti wa uani hutazamwa na nani?

Na hapa kuna tofauti ambayo wazee waliijua. Tawi la mwembe likikatwa vizuri, kwa msumeno, bila kuchubua ganda la shina, mti huziba kidonda polepole. Mnazi hauzibi. Shimo la panga au ngazi zilizochongwa shinani ili mkwezi apate pa kukanyagia hubaki vile vile mpaka mwisho wa maisha yake, na maji huingilia hapo. Kwa hiyo mwembe mzee unaweza kupunguzwa uzito na kuongezewa miaka. Mnazi mzee husafishwa makuti makavu na kuangushwa nazi kabla hazijaanguka zenyewe, lakini ukishapinda juu ya paa au kukauka kilele, hakuna dawa.

Kukata kwenyewe ni ufundi. Mnazi ulio mbali na nyumba huangushwa mzima kwa kamba na shoka. Ulio karibu na nyumba hupandwa na mkwezi, akaondoa nazi na makuti, akakata kichwa na kukishusha kwa kamba, kisha akashuka akikata kipande kwa kipande. Siku hiyo watoto hupewa moyo wa mnazi, kichilema, ambao hauliwi ila mti umekufa. Makuti huezekea banda, sehemu ngumu ya nje ya shina hupasuliwa mbao. Mwembe nao una kazi baada ya kufa: ngalawa nyingi za Unguja zimechongwa kutokana na gogo la mwembe. Kuna miembe ya uani ambayo leo inavua samaki.

Uani kwetu

Niliandika makala haya kwa sababu suala hili limeingia nyumbani. Nyumba ya marehemu babu yangu ipo pwani ya kaskazini ya Unguja. Uani kuna mwembe mmoja na minazi mitatu. Warithi ni kumi na mmoja: watatu Unguja, watano Muscat, wawili hapa Uingereza, mmoja Mombasa. Masika ya mwaka jana tawi kavu la mwembe lilianguka usiku juu ya bati la jiko. Hakuna aliyeumia. Tangu siku hiyo kundi letu la familia kwenye simu halijatulia.

Shangazi, anayeishi humo, anataka mwembe ukatwe. Ami wa Muscat anasema mti huo ulipandwa na bibi yake na hautakatwa yeye akiwa hai. Wengine wanauliza bei. Mnazi mmoja umekufa, lakini jirani anasema ni wake, babu yake aliununua kwa babu wa babu yangu, na kweli wapo wazee wawili wanaokubali. Karatasi hakuna. Nilipompigia shangazi na kumwamkia, nikamweleza kwamba nasoma historia ya tufani ya 1872, alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mwanangu, nyote mnaobishana mko mbali. Likianguka jingine, halimwangukii aliye Muscat wala aliye London."

Sikuwa na jibu, lakini nilikuwa na historia, nikaipeleka kwa wakubwa kama hoja tatu. Kwanza, mnazi uliokufa hauna haja ya mjadala: hauzai na unafuga chonga. Jirani aitwe, mashahidi wawepo, akubaliwe kwamba ni wake, na gogo achukue yeye. Haki yake haipotei kwa mti kukatwa. Pili, mwembe usikatwe wala usiachwe hivi hivi. Uitiwe mtu anayejua miti auangalie shina, na matawi yaliyoelekea paa yapunguzwe kiangazi, kwa misimu miwili, kabla ya masika. Ikionekana shina ni tupu, basi ami atakuwa amepewa heshima ya kuambiwa sababu. Tatu, ipandwe miche sasa, wakati mizee bado imesimama, na isipandwe yote mwaka mmoja.

Hoja ya kwanza ilikubaliwa. Mnazi ulikatwa Desemba, jirani akiwepo, na sisi tuliochangia fedha tulitumiwa picha. Ya tatu ilikubaliwa pia: miche miwili ya minazi na mmoja wa mwembe imepandwa mbali na ukuta. Ya pili bado. Ami amesema atakwenda mwenyewe kuuona mwembe. Hajasema lini.

Hitimisho

Tufani za pwani yetu ni nadra, lakini zipo. Miaka themanini baada ya ile ya Unguja, Aprili 1952, tufani ilipiga Lindi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Methali inasema mti mkuu ukianguka wana wa ndege huyumba, na kwa kawaida tunaitumia kwa wazee na viongozi. Historia ya Unguja inaturuhusu kuisoma pia kama ilivyo. Mwaka 1872 upepo uliamua miti ipi ianguke, na waliolipa zaidi ni wale waliokuwa na miti mingi ya rika moja na hawakuwa na miche nyuma yake.

Sisi tulio nje tuna fungu katika miti hiyo hata kama hatujawahi kuikwea. Kuwa na fungu kumekuwa, kwa miaka mingi, haki ya kusema "usikate". Wazee waliotoa wakfu wa mnazi kwa ajili ya taa ya msikiti walijua upande wa pili wake: mwenye mti ana wajibu kwa wanaoishi chini yake. Mwanachama ambaye kwao kuna mti kama huo namshauri aanze na mambo mawili ya bei nafuu. Aulize, wazee wakiwa hai, kila mti ni wa nani, aandike. Kisha amuulize anayelala chini yake anaogopa nini.